Karatasi Zilizofungia Nyama

Nyawira, maitu,

Karatasi hii unaijua. Ni ileile ya kaki, ya kufungia nyama, na ukiinusa kona ya chini utajua nimeikata kwa kisu ambacho hakikufutwa vizuri. Kalamu nimeazima kwa Gachanja, fundi wa baiskeli hapa jirani, na alikataa kuniachia mpaka nimwambie ninamwandikia nani. Nikamwambia ninamwandikia waziri. Akasema, "Basi andika polepole, huyo waziri apate kusoma."

Nimefunga bucha mapema, jua bado liko. Watu wawili wamegonga mlango, nikanyamaza kama nimekufa. Hapa Naro Moru watasema Wachira ameishiwa na ng'ombe. Waseme.

Mambo ya blanketi, sabuni na kufunga sanduku kwa kamba, mama yako alikwambia jana, amekwambia leo, na kesho atakwambia ukiwa umeshatia mguu mmoja garini. Hapo mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na ni la aibu. Itabidi univumilie nianze kwa kujisifu, kwa maana bila kujisifu sijui njia ya kufika mahali popote.

Umekua ukisikia kwamba baba yako ametembea. Kweli nimetembea. Nanyuki hakuna Mwislamu muuza ng'ombe ambaye sijanywa chai kwake, na chai yao ina tangawizi ya kumwamsha maiti. Othaya nikishuka sokoni wamama wananiita kwa jina. Umesikia pia kwamba niliwabebea Wazungu mizigo Mlimani mpaka kwenye barafu. Umesikia kwamba nilimpikia Mzungu wa ngano kule Timau miaka mitatu kabla ya Uhuru, tukawa tunaongea Kiingereza yeye na mimi kama ndugu, mpaka mke wake akawa ananiuliza maneno.

Sasa sikiliza. Mlimani nilifika kwenye yale matope yaliyo juu ya msitu, kichwa kikaniuma, nikatapika kwenye buti la Mzungu, wakanirudisha. Barafu nimeiona kama unavyoiona wewe, kutoka barabarani, asubuhi mawingu yakipenda. Na yule wa Timau aliongea na mimi Kiswahili cha jikoni miaka yote mitatu. "Lete maji. Ondoa sahani." Mimi nilijibu "Yesi, sa." Hiyo ndiyo Kiingereza yangu yote, maitu. Maneno mawili, na yote mawili ya kukubali.

Uongo kama huo haumuumizi mtu ukikaa kwenye mdomo wa mchinjaji anayechekesha wateja. Wangu haukukaa hapo.

Hebu nikukumbushe zile karatasi zako, ingawa ni zako. Ulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wenu wa Kiingereza aliwaambia kwamba neno likiwa peke yake kwenye mstari linapotea kama kondoo mmoja, lakini ukilifunga pamoja na jamaa zake halipotei. Ukaniomba karatasi. Nikakuletea ya kaki, nikitangaza kwa wateja kwamba mtoto wangu anasoma mpaka serikali imeishiwa na vitabu. Ukaanza kuchora. Duara katikati, ndani yake neno moja, na kutoka kwenye duara miguu pande zote kama buibui. Mvua katikati, kwenye miguu wingu, matope, mafuriko, mwavuli, mbegu. Na kwenye kila mguu ukaweka maneno matatu, moja chini ya lingine: la Kikuyu, la Kiswahili, la Kiingereza.

Nilikuwa nikirudi nyumbani nawakuta jikoni. Mama yako anamenya viazi, wewe umelala kifudifudi juu ya karatasi na kipande cha makaa. "Mami, hii sisi tunaita aje?" Anakwambia. "Na ile ya kuanguka polepole, ya asubuhi?" Anakwambia, tena anakupa na jina la ile ya jioni, ambayo hukuuliza. Mimi nakupa ya Kiswahili huku nikivua buti. Ya Kiingereza unatafuta kwenye kamusi ya shule. Mama yako hajawahi kushika kalamu, lakini kila mguu wa karatasi zile ulianzia kinywani mwake. Tafadhali hilo likumbuke, nitalirudia.

Kuna siku ulichora duara mbili zimepandana kama magurudumu ya baiskeli iliyogongwa. Huku mbuzi, kule kondoo. Mbuzi ukampa ndevu na mkia wa kusimama; kondoo ukampa mkia wa mafuta na kunyamaza akichinjwa. Nikakuuliza, "Na hapa kwa nini wameingiliana?" Ukasema, "Baba, hapo katikati ndipo wanafanana." Nikasema, "Katikati basi ni supu." Mama yako alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Na wewe ukaandika. Chini ya kwato na kucheua, ukaandika supu kwa lugha tatu.

Mimi nilikuwa na nyumba kama hiyo, Nyawira.

Sasa ile Jumatano. Ulikuwa kidato cha nne, mtihani umebaki wiki moja. Ukaja bucha umevaa sare, na karatasi ya ng'ombe. Ulikuwa umemchora mzima, na kutoka kwenye kila sehemu ya mwili wake umetoa mstari wenye maneno matatu. Shingo, ubavu, paja, ulimi, mkia. Duka lilikuwa limejaa. Karani wa msitu alikuwapo, na Gachanja, na wamama wa soko. Ukaiweka juu ya kaunta, ukasema kwa furaha, "Baba, hebu nisomee hizi za chini, nione kama ziko sawa. Wewe uko na Kiingereza ya Wazungu wenyewe."

Nikaangalia. Herufi nazijua, darasa la nne si mchezo. Lakini herufi za Kiingereza zimesimama tu pale, hazisemi zinataka nini. Watu wananingoja. Nikaweka kidole kwenye ubavu nikatoa sauti. Sikumbuki sauti gani. Karani wa msitu aliweka kikapu chini ili acheke vizuri.

"Mzee, hiyo ni Kiingereza ya wapi? Ya ng'ombe mwenyewe?"

Gachanja akasema, "Mwacheni. Mzungu wake alikuwa wa Timau. Huko wanaongea na ngano."

Wamama wakashikana kwa kicheko. Na mimi nikacheka nao, nikapiga panga kwenye gogo, nikasema jambo la kuchekesha. Wote walifikiri nimeona ni mchezo. Lakini wewe hukucheka. Uliivuta karatasi polepole, ukalisoma lile neno vizuri, kwa sauti ya chini, kisha ukawaambia, "Baba amesema hivyohivyo. Ni jino linamsumbua."

Ulinidanganyia watu ili nisiaibike. Ningekuwa mtu mzima siku ile, ningekushukuru. Badala yake nilikasirika. Watu wakinicheka nawajibu, nina majibu ya kuuza na ya kukopesha. Lakini mtoto wangu kunionea huruma, hilo sikuwa na jibu lake.

Jumamosi ni siku ya soko. Karatasi zako zilikuwa kwenye debe la unga nyuma ya mlango wa jikoni, umezikunja pamoja na kuzifunga na uzi. Asubuhi nilizichukua, nikaziweka chini ya kabuti. Bucha watu walikuwa wengi na karatasi ya kufungia ikawa imeisha. Ndivyo nilivyojiambia. Nikafungua uzi. Mvua ilitoka na ubavu wa mama mmoja wa Kiganjo. Mbuzi na kondoo wako walifungia matumbo. Ile ya ngazi, uliyochorea jinsi ya kupanga hadithi, kwanza, kisha, halafu, mwishowe, ilienda na maini. Nilikuwa nakunja michoro ikiangalia ndani, ili mtu asione. Mtu anayeficha anajua anachofanya.

Jioni ulifungua debe.

Wewe unakumbuka ulichosema, na sikuandikii ili nikurudishie. Nakiandika kwa sababu kilikuwa changu, kikapelekwa kwa mwingine. Mama yako huwashia moto magazeti ya zamani, kila mtu anajua. Ukamgeukia pale pale penye majiko. "Mami, umechoma karatasi zangu!" Akainua kichwa. "Wewe hujui kusoma, ungejuaje ni kitu cha maana!"

Alinitazama. Mimi nilitazama buti langu. Nyawira, lile buti nalijua mpaka leo, kila tundu lake la kamba.

Akasema, "Pengine ni mimi. Kulikuwa na giza."

Ulipolala nilimwuliza kwa nini amesema vile. Akasema, "Nilikuona ukitoka nazo. Mtihani umebaki siku chache. Akikosa karatasi na akikosa baba siku moja, ataandika nini? Mimi nikasirikiwe tu, nitakuwa bado hapa." Kisha akasema, "Lakini mimi sitamwambia kamwe. Utamwambia wewe." Hiyo ni miaka miwili. Hakuwahi kunikumbusha. Ananipa chakula, ananitazama kidogo, anageuka.

Ulienda kwenye mtihani, Kiingereza ikakuangusha. Ulipotoka ulisema mbele yangu, "Niliketi nikaona duara, lakini ndani tupu." Mwaka mzima ulirudia darasa, ukikaa na watoto waliokuwa wakikuchotea maji. Ulichora tena, najua, lakini shuleni, na huko ndiko ulikozifungia. Na maneno ya Kikuyu, nilisikia, ulikuwa unamwuliza mwalimu. Mama yako aliendelea kumenya viazi upande wake wa moto. Siku moja nilimkuta anataja peke yake majina ya mvua.

Bado sijamaliza.

Jumatatu baada ya ile Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani wako, Gachanja aliingia bucha na karatasi ya ng'ombe. Alikuwa amenunua shingo. Ameipangusa damu, ameinyoosha chini ya tairi, imekauka kama ngozi. Hakuwa anacheka.

"Wachira, hii si karatasi ya kufunga nyama. Hii ni shule. Mrudishie msichana kabla ya mtihani."

"Sawa," nikasema, "leo jioni."

Nikaiweka kwenye droo chini ya visu. Kukurudishia ilikuwa sawa na kukwambia. Kwa hivyo ulienda Jumatano bila hata hiyo moja, na ilikuwa hatua kumi kutoka barabara unayopita.

Gachanja naye, mtu ambaye nilidhani kazi yake ni kunitania, alichukua rangi akachora baiskeli kwenye ukuta wa kibanda chake. Mistari kutoka kila kipande, na majina kwa lugha tatu. Wateja wanasoma wakingoja. Mimi nimekuwa nikienda pale kusimama, nasema nimekuja kutia upepo. Mimi sina baiskeli. Hajawahi kuniuliza upepo ni wa nini. Siku moja tu alisema bila kuinua kichwa, "Hiyo ya mnyororo jana ulikosea. Rudia."

Na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, natoa ng'ombe wako kwenye droo. Karani wa msitu siku hizi namwuliza wazi, "Hii inasemwa vipi?" Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu alivuta kiti. Sasa naweza kumsoma ng'ombe mzima kwa Kiingereza kutoka ulimi mpaka mkia, na nikifika mkia sina mtu wa kumwambia, kwa sababu yule ninayetaka kumwambia ndiye niliyemwibia.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Pale juu nimeandika kwamba karatasi ilikuwa imeisha. Nimejaribu kuruka sentensi hiyo na kalamu imekataa. Haikuwa imeisha. Kulikuwa na fungu zima chini ya kaunta, halijafunguliwa, na nililisukuma kwa mguu ndani zaidi ili nisilione. Nilitaka zile zako ziondoke. Nilitaka usiwe na kitu ambacho sikijui. Miaka miwili nimejitetea na ile karatasi iliyoisha, hata mbele ya Mungu, naye nadhani amechoka kuisikia.

Wewe una jina la mama yangu. Ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita maitu, mama yangu. Yeye aliuza mbuzi wake wa mwisho nisome, nikatoroka darasa la nne nikafuate magari. Kwa hivyo mwanamke mwenye jina hilo nimemharibia masomo mara mbili, mara ya kwanza yangu na mara ya pili yake.

Unaenda Meru kujifunza ualimu. Sitakwambia jinsi ya kufundisha, ningeanza tena kuongopa. Lakini utakutana na baba kama mimi. Atakuja shuleni na kofia ya pembeni, ataongea sana, atakwambia ameona dunia na kwamba mambo ya kuchora ni ya watoto. Usimwonee huruma mbele ya watu. Na usimcheke. Mpe kazi. Mwambie akutajie kitu anachokijua kwa mikono yake, ng'ombe au gari au shamba la chai, ukiweke katikati ya duara, na miguu ajaze yeye. Mimi ningejaza. Ningekaa mpaka usiku nikijaza, kama mtu angeniambia kwamba neno langu nalo lina mguu wake.

Na kusema "sijui" kunauma mara moja tu, kama sindano ya hospitali. Mimi nilikimbia sindano nikaugua miaka ishirini.

Nilikuwa nimepanga kuficha barua hii katikati ya blanketi zako, uikute ukiwa huko mbali, hasira zako zipoe kabla ya likizo. Ni mpango mzuri, wa mtu mwoga. Nimeuacha. Nitaiweka juu ya sanduku, pamoja na karatasi ya ng'ombe, uione asubuhi na mapema kabla ya gari. Nikasirikie nikiwa karibu. Nitakuwa nje nikijifanya natafuta kuku.

Ile karatasi utaona doa, ni la shingo ya Gachanja, halikutoka. Lakini soma yote. Kuna mstari mmoja kwenye kifua, chini, ambao una Kiswahili na Kiingereza na juu hapana kitu. Ni kile kipande ambacho kwetu hupewa kina mama. Ulikuwa umesema utauliza neno lake Jumamosi jioni, na Jumamosi jioni ikawa ile niliyoiharibu. Mimi nimekata kipande hicho miaka yote hii na wateja wamedhani najua kila kitu. Naita "ile ya wamama." Jina lake la Kikuyu sijui.

Umeona? Nimesema sijui, na Mlima bado umesimama.

Anayejua ni mtu mmoja hapa nyumbani. Huamka kabla ya jogoo, na kesho atakuwa jikoni anakuchemshia maziwa ya safari, upande uleule wa moto. Kalamu ya Gachanja nitaiacha juu ya sanduku. Nenda umuulize.

Ni mimi, baba yako, mwenye mdomo,
Wachira wa bucha